Mpishi wa Sukari wa Lipangalala: Maisha ya Eustaki Matimbwa

Tunayemzika leo ni Eustaki Matimbwa. Alizaliwa Mahenge tarehe 14 Septemba 1934, mtoto wa pili wa Mzee Beno Matimbwa na Mama Frida. Wa kwanza ni mimi, Marsiana. Mgongoni nilimbeba mimi, kwa hiyo habari zake nazisema mimi.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, mwaka 1948. Hesabu aliziweza, kuimba hapana. Padri alimwambia kwenye kwaya afungue mdomo tu, asitoe sauti. Alifanya hivyo Pasaka nzima, na mama yetu akawaambia watu kwamba sauti ya Eustaki ilisikika kuliko zote.

Mwaka 1963 alipata kazi kiwanda cha sukari kule Kidatu. Alianza kwa kuchochea makapi ya miwa kwenye tanuru, akapanda mpaka akawa mpishi wa sukari, yule anayetazama shira na kujua sasa inaganda. Alistaafu mwaka 1989, akajenga hapa Lipangalala, akawa analima mpunga Mchombe.

Alifunga ndoa na Tekla wa Lumemo tarehe 9 Oktoba 1965. Alipokwenda kuposa ilikuwa masika na mto umejaa. Alifika kwa wakwe na koti la suti juu, suruali imekunjwa mapajani, viatu vimening'inia shingoni. Baba mkwe aliuliza kama huyu amekuja kuoa au kuvua kambale. Alipewa mke hivyohivyo.

Novemba 1995 alianza kukonda na kuumwa chini ya mbavu, upande wa kulia. Hospitali wakasema ni saratani ya ini, na imekwisha kuenea. Daktari Anselim hakutuficha. Alisema chembe za saratani zina uroho wa sukari kuliko chembe nyingine za mwili. Hazina subira ya kuichoma mpaka iishe. Hata pakiwa na hewa ya kutosha zinaichoma nusunusu, harakaharaka, zinatoa asidi, na sehemu nyingine ya sukari hiyo zinajengea chembe mpya. Ndiyo maana uvimbe unanenepa na mwenye mwili anakonda.

Maneno hayo yakaleta vita nyumbani. Majirani walikwisha kusema kwamba sukari ya Kidatu ndiyo iliyomjaa tumboni. Tekla naye, kwa kumpenda mumewe, akaona adui akinyimwa chakula atakufa. Akaondoa sukari kwenye chai, akaondoa wali, ugali, muhogo, hata ndizi mbivu. Marehemu akabaki na mchicha na samaki. Nilimwambia Tekla anakosea. Akanijibu kwamba wifi, mgonjwa ni wangu. Tukanuniana.

Asubuhi moja ya Machi 1996 marehemu alitokwa jasho, akasema maneno yasiyoeleweka, akaanguka karibu na jiko. Tulimkimbiza hospitali juu ya baiskeli. Walipompima, sukari ya damu ilikuwa chini sana. Wakamtundikia dripu ya sukari, naye hakukawia kufumbua macho akauliza kuku wameachiwa nani.

Daktari Anselim alimkalisha Tekla, akaongea naye kwa upole. Alisema mwili usipopewa chakula unavunja nyama zake wenyewe kutengeneza sukari, na saratani inakula hiyohiyo. Ini zima huweka akiba ya sukari, lakini la marehemu lilikuwa haliwezi tena. Tekla akalia, akasema yeye alikuwa anaupiga ugonjwa. Ndipo marehemu akageuza kichwa kwenye mto.

“Mama Justin, wewe ni mkulima. Ukikausha jaruba ili magugu yafe, nani anatangulia kufa?”

“Mpunga.”

“Basi mpunga ndio mimi. Nipe chai.”

Tekla alitia sukari kama anayeposwa upya, na mimi na yeye tukaongea tena.

Hakupona. Daktari hakutuahidi hilo, na sisi hatukudanganyana. Lakini alikula kidogokidogo kutwa, na usiku aliwekewa uji mtamu, wala hakuanguka tena. Mwezi Juni alifika Mchombe, akakaa ukingoni mwa shamba akiwagombeza wavunaji. Mchele mpya ulipokuja nyumbani Tekla aliupika kwa nazi. Marehemu akamwambia chumvi imezidi, akaomba aongezwe.

Alifariki nyumbani kwake Lipangalala, alfajiri ya Alhamisi tarehe 11 Julai 1996. Jioni iliyotangulia alimrudishia Tekla bakuli la uji likiwa tupu.

Ameacha mjane, Tekla. Watoto watatu, Justin, Devota na Paulina. Wajukuu, na mimi dada yake, niliyedhani atanizika yeye. Mungu ampe pumziko jema. Kwetu ametoka ameshiba.