Muhuri wa Pili wa Montbrune

ARMELLE: Haloo, nani mwenzangu?

JOSIANE: Mimi, dada. Josiane.

ARMELLE: Josi. Tangu jana nakupigia, hupatikani. Mko salama?

JOSIANE: Salama. Huku vilimani mtandao una—(mkwaruzo)—unakatika.

ARMELLE: Na miguu?

JOSIANE: Usiniulize miguu. Miaka sitini na tisa, nakanyaga pedali huku nikitazama mgongo wa mume wangu kutwa nzima.

ARMELLE: Baiskeli ya watu wawili ndivyo ilivyo. Wa nyuma hana usukani wala breki. Nilikwambia siku ya harusi yako.

JOSIANE: (anacheka kidogo) Ulisema.

ARMELLE: Mvua je?

JOSIANE: Manyunyu. Majani yamepukutika barabara nzima, inateleza. Tumesimama kwa mwoka mikate. Régis yuko ndani, anagongewa muhuri kwenye kadi ya safari, kama kila kijiji tunachopita.

ARMELLE: Kijiji gani hicho?

JOSIANE: Kijiji tu, dada.

ARMELLE: Josi?

JOSIANE: Montbrune.

ARMELLE: Jumanne uliniambia Montbrune.

JOSIANE: Ndiyo.

ARMELLE: Leo Alhamisi.

JOSIANE: Mama wa mikate amegonga muhuri wa pili chini ya ule wa kwanza. Akaniangalia tu kupitia kioo.

ARMELLE: Basi amepotea. Mtu aliyepeleka barua miaka thelathini kwenye vilima hivyohivyo. Si daktari alisema? Alisema atafika mahali asahau hata njia—

JOSIANE: Dada—

ARMELLE: Namtuma Lucien na gari. Mume wangu hana kazi leo, ni mwendo wa saa tatu tu. Jumatatu Régis anatakiwa kule kwenye makao ya wazee, chumba kipo tayari, wanao wameshatia saini, na ninyi mnazunguka tu. Wewe hukuona kibao pale njia panda?

JOSIANE: Nilikiona.

ARMELLE: Sasa?

JOSIANE: Aliniuliza, kulia au kushoto. Kulia ndiyo njia ya nyumbani. (mkwaruzo) Nikasema kushoto.

ARMELLE: Mara ngapi?

JOSIANE: Jumanne. Jana. Leo asubuhi tena. Tukifika nyumbani wanamchukua, dada. Tusipofika, anazidi kukonda hapa mbele yangu, usiku anakohoa. Niambie mimi nishukie wapi.

ARMELLE: Josi—

JOSIANE: Anatoka. Amesahau mikate, kama kawaida yake. Régis, shika, msalimie shemeji yako. Naifuata.

RÉGIS: Shemeji. Bado unamlisha Lucien supu ya maboga?

ARMELLE: Anakunywa bila kulalamika. Hujambo, shemeji?

RÉGIS: Sijambo. Nisikilize upesi, kuna watu watatu mbele yake. Yule mama wa mikate nilimwona Jumanne.

ARMELLE: Unasema?

RÉGIS: Mengine yananitoka, sikatai. Jana jina la mwanangu mkubwa lilinipotea mpaka chakula cha jioni. Lakini hapa? Kijiji hiki nimekiletea barua. Yule mbwa wa pale kwenye kona, babu yake aliwahi kuniuma.

ARMELLE: Sasa mbona unamuuliza kulia au kushoto?

RÉGIS: Ili aseme yeye.

ARMELLE: Aseme Josi?

RÉGIS: Siku akisema kulia, nitageuza kulia. Jumatatu naijua, nimeiandika ndani ya glavu. Ila nikimtangulia kusema mimi, ataona nimemkimbia. Usimwambie. Anakuja. Ndiyo, shemeji, baridi ya kawaida tu.

JOSIANE: Lete. Dada, chaji inakwisha. Umesema kweli. Nimemtazama kupitia kioo cha duka, kasimama kwenye manyunyu bila kofia. Nimekuwa mchoyo. Lucien aje.

ARMELLE: Josi, subiri kwanza.

JOSIANE: Dada? Aje leo.

ARMELLE: Hawezi.

JOSIANE: Si umesema sasa hivi hana—

ARMELLE: Gari limegoma. Fundi hawezi kulitazama kabla ya Jumapili.

JOSIANE: Limegoma lini?

ARMELLE: Mvalishe kofia. Kuleni kitu cha moto. Na Josi, nisikilize kabla haijazima—

JOSIANE: Nakusikia.

ARMELLE: Ukifika njia panda, sema unachoweza kusema leo. Atageuza.

JOSIANE: Kwani amekwambia ni—

(simu imezima)