Mara Tatu Kwenye Benchi la Nje ya Kliniki

Ndugu zangu, na hasa nyinyi mabibi wenzangu mlioletwa huku kulea wajukuu, haya ninayowasomea nimeyaandika kwa penseli nisije nikapotea njiani. Shule niliishia darasa la pili. Majina ninayo yote kichwani, la mtu na la baba yake, lakini leo simtaji mtu.

Nilifika Toongabbie, hapa Sydney, mjukuu wangu akiwa na wiki tatu. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mtoto alipotimiza miezi miwili, mama yake alirudi kazini, akaniachia chupa za maziwa na agizo moja: "Mama, kila baada ya wiki mbili mpeleke kliniki apimwe uzito. Ni hapo tu, mtaa wa pili. Usisahau kitabu chake cha bluu, wanamoandika uzito."

Kitabu sikusahau. Nilimvika mtoto, nikasukuma kigari mpaka kliniki, nikaketi kwenye benchi la nje. Nikakaa kiasi cha mtu kupimiwa mtoto, kisha nikarudi nyumbani.

"Wamesemaje, mama?"

"Anakua."

"Mbona hawakuandika?"

"Wameandika kwenye kompyuta yao."

Nawaambia kama ilivyokuwa. Nilidanganya hivyo mara mbili.

Sababu ninayo. Marehemu mama yangu, kwetu milimani Usambara, alijifungua mtoto wake wa kwanza wakati wa Mwingereza, baina ya ile vita ya kwanza na ya pili. Kulikuwa na kliniki ya kina mama na watoto wachanga, nesi wa Kizungu na msaidizi wake. Mama akampeleka mwanawe. Wakamfunga kitambaa, wakamning'iniza kwenye mizani kama gunia la kahawa. Siku ya saba mtoto akafa. Wazee wakasema mizani imemchukua. Sisi tisa tuliofuata hatukupimwa hata mmoja, na wanangu sita hivyo hivyo, na tulikua. Sasa mngeniambia nini?

Lakini huyu wa Toongabbie alikuwa anakonda. Akinyonya chupa anatoka jasho, na huo ni mwezi wa saba, baridi ya Sydney mnaijua. Mimi nikamwongezea sweta. Mama yake alimwona kila siku, na umwonaye kila siku humwoni akikonda.

Mara ya tatu, nesi alitoka akaketi kando yangu benchini. Alisema, sikuelewa. Akapiga simu kwa mkalimani, ikatoka sauti ya mama wa Kikenya.

"Shosho, nesi anasema amekuona hapa mara tatu. Mbona huingii?"

"Kwanza mimi si shosho, ni bibi. Pili, napunga upepo."

"Na baridi hii?"

"Hilo ni swali la nesi au lako?"

Akacheka. "Langu, bibi. Nisamehe."

Basi nikawasimulia yote, mizani na siku ya saba. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Bibi, anauliza, siku ile mama yako alimpeleka mtoto kliniki kwa nini?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikajisikia nikisema: "Alikuwa amekataa ziwa."

Ndugu zangu, kisa kile nilikuwa nimekisimulia tangu ujana, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wala sikujiuliza. Mtoto yule alifika kwenye mizani akiwa mgonjwa tayari.

Nikaingia. Ukutani kuna picha ya zamani: kina mama wenye kofia, watoto mikononi, wamepanga foleni kwenye mlango ule ule. Nesi akasema, kwa ile simu, ni wa zama za mama yangu, na kwamba hata hao wapo waliogoma kuingia, manesi wakawafuata majumbani. Nikamvua mjukuu wangu mwenyewe, nikamlaza kwenye mizani. Nesi alitazama namba, akatazama kitabu kitupu. Hakunigombeza. Alimsikiliza kifuani, akaita ambulansi.

Moyo ulikuwa na tundu. Binti yangu alifika hospitali na sare za kazi.

"Mama, ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Siku nne hakunisemesha. Nilistahili. Mtoto alipewa dawa na maziwa ya nguvu, baadaye wakamfanyia upasuaji. Leo ana miaka mitatu, ndiye yule anayeburuta kiti huko nyuma. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini anakuja.

Namshukuru nesi aliyetoka nje. Namshukuru mama wa kwenye simu, ambaye uso wake siujui. Namshukuru binti yangu, siku ya tano alinipikia chai.

Kliniki huwa napita bado. Nikikuta bibi kwenye benchi lile sitamwuliza anaogopa nini. Nitaketi naye, anisimulie yule mtoto wao wa zamani, kisha nitamwuliza: siku ile, walimpeleka kwa nini?