Dereva Aliyefundishwa Kusoma Kiganjani

Tunamshukuru Mungu aliyetukusanya hapa kumsindikiza baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Breki.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa mchonga mawe na mkunga. Shule aliiacha darasa la pili, baba yake alipofariki, kabla herufi hazijamkaa kichwani. Akawa utingo, kisha dereva wa lori la saruji. Jina la Breki alibandikwa na madereva wenzake kwa sababu, walisema, hicho ndicho kifaa asichokijua.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Baba alikuwa mcheshi, lakini pombe ilimtawala. Yeye mwenyewe alituagiza hili lisomwe leo bila kupakwa rangi: tarehe 9 Agosti 1986, saa tisa alasiri, akiwa amelewa, alimgonga mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Mwalimu alipona, ila macho yake hayakuona tena.

Baba alifungwa miaka mitano. Gerezani alimpokea Kristo. Siku alipotoka, mimi na mama tulimpokea getini, lakini hakutaka kwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, nasi tukimfuata, akapiga magoti mlangoni, akajitaja na kuomba msamaha.

Mwalimu akasema, "Nilishakusamehe. Kukuchukia kulinichosha. Sasa inuka unisomee hizi barua, zimerundikana."

"Mwalimu, mimi kusoma sijui."

"Basi kaa. Lete mkono."

Akaanza kumchorea herufi kiganjani kwa kidole. Asiyeona alikuwa akimfundisha kusoma mtu aliyempofusha! Nilikuwa na miaka kumi na tano.

Baba hakushika usukani tena. Asubuhi alifyatua matofali. Alasiri, kwa zaidi ya miaka thelathini, alimsomea mwalimu magazeti, barua na Neno la Mungu. Mara ya kwanza aliposoma somo kanisani, alikwama kwenye neno "upatanisho". Sauti ya mwalimu ikatoka benchi la mbele: "Tulia, Breki. Silabi moja moja." Kanisa zima lilibana pumzi mpaka akalimaliza.

Watu walipomwambia kwamba sasa ametubu vya kutosha, alicheka. "Toba si sindano," alisema, "kwamba ukichomwa mara moja umemaliza."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alilazwa tarehe 2 Juni mwaka huu, akafariki tarehe 19 asubuhi, mama akiwa upande mmoja wa kitanda na mwalimu upande wa pili.

Ndugu zake sita wa tumbo moja walimtangulia. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanane. Mwalimu aliomba naye aandikwe kati ya walioachwa. Tulimuuliza tumwandike kama nani.

"Andikeni ndugu," alisema. "Msiongeze kitu."

Basi ameacha pia ndugu mmoja.

Bwana aliyemwinua mlangoni pale ampumzishe kwa amani.