Siku Walipoulizwa Bila Mimi

Baba na mama, na ninyi vijana mulioketi hapa mbele, Mungu awatulize mioyo mchana huu. Wameniomba niseme kwa sababu kesho munaenda kwenye shapeli, makanisa madogo ya musituni, kufundisha wenzenu wadogo. Nitasema vile ilikuwa. Majina ya watu sitataja. Wengine wangali hai, na mumoja wao anakaa humu ndani, anaangalia chini.

Mimi ni mutoto wa milima, upande wa Kibabi, kwa watu wa ngombe. Bwana yangu alikuwa mwalimu wa shapeli, na misioni ikamutuma Walikale, kule musituni. Nikamufuata. Ile musitu ilinichosha: mvua haipumziki, jua haliingii, na majirani waliniita "mugeni wa maziwa". Kisha homa ikamuchukua bwana yangu. Tukamuzika, na mwalimu mwingine hakuja.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi sikuwa mwalimu. Nilijua kusoma, basi. Lakini vijana aliokuwa anawafundisha hawakuacha kuja kwangu, maana walikuwa na shida nyumbani. Wajomba wao walikuwa wanawauliza, "Huyu Mungu wenu alikuwa wapi wakati mababu walikuwa wanaomba pori iwape nyama, na pori inawapa?" Kijana anafungua kinywa, anatoa maneno aliyokariri, wanamucheka, anaenda kulala na njaa kwa sababu ya aibu.

Basi nikafanya hivi. Wakati tunatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi nageuka mujomba. Nawabana kabisa. "Unasema Mungu ni mwema. Dada yako alikufa kwa nini?" Wengine walikuwa wanalia. Wengine walikasirika, wakaondoka, wakarudi kesho yake. Sheria yangu ilikuwa moja tu: usijibu na maneno yangu, wala ya marehemu bwana yangu. Jibu na kinywa chako. Na kama haujui, sema haujui, tutatafuta pamoja.

Walikuwa watatu waliokuja zaidi kuliko wengine. Kijana wa kwanza alikuwa anawinda na baba yake. Wa pili alikuwa binti wa jirani yangu. Wa tatu alikuwa mutoto wa milimani kama mimi, kutoka Lushebere, aliyeletwa kutengeneza barabara ya Leta. Leta njo jina tulilokuwa tunaita serikali ya wazungu, ninyi wadogo hamujui.

Sasa munakumbuka ile miaka ilivyokuwa mibaya. Kulikuwa watu wanapita musituni wakifundisha kwamba ufalme unakuja, wazungu watafukuzwa, na kila mwenye hajala kiapo chao ataangamia. Leta ikawasaka. Tuliona watu wanapita barabarani na kamba shingoni, wamefungwa mumoja nyuma ya mwingine, na wake zao wanafuata nyuma mpaka wanafukuzwa. Neno "ufalme" likawa neno la kuogopa. Na sisi, jamani, tulikuwa tunasema ufalme kila siku.

Jirani yangu akanionya. "Mama, acha kwanza. Watu wanasema wewe mugeni unakusanya watoto wa wengine." Nikamuambia hatufichi kitu. Akanijibu, "Mwenye kuficha na mwenye hafichi, Leta inawafunga na kamba moja."

Siku moja mvua ilinyesha ya upepo, maji yakawa yanaingia mpaka kwenye moto. Nikafunga mulango, mimi na wale watatu ndani. Tulikuwa tunabishana juu ya neno gumu, na sauti zetu zilikuwa juu. Mulango ikasukumwa. Askari wawili, wamelowa.

"Kwa nini munajifungia?"

"Mvua, baba."

"Na ule ufalme munaupigia kelele, nao ni mvua?"

Wakatupeleka sisi wote kwenye posti ya Leta. Tukalala buloko, ile gereza yao, wanaume upande wao, mimi na binti upande wetu. Binti hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, wakiniuliza, niseme nini?" Ndugu zangu, nilikuwa na jibu tayari kwenye ulimi. Ningemupa maneno mazuri ya kumuokoa. Halafu nikafikiri: nikimupa yeye, wale wawili je? Nikamuambia, "Utasema vile unavyojua." Akageukia ukuta. Nilijiona mukatili.

Asubuhi wakanikalisha chini, nyuma ya ofisi, karibu na ukuta wa matete. Askari akasema nikikohoa tu, nitawaponza wote. Ndani alikuwa muzungu na karani wake wa kutafsiri. Kila neno nilisikia.

Wakaanza na muwindaji. "Ufalme gani huo?"

"Ni Mungu kunitawala mimi."

"Na wazungu?"

"Sijui ya wazungu. Mimi nilikuwa namupiga ndugu yangu mudogo kila akiharibu mutego. Sasa simupigi. Mumuite, mumuulize."

Hayo maneno sikumufundisha mimi. Hata habari ya ndugu yake sikuijua.

Wakaleta binti. "Huo ufalme utakuja siku gani?"

"Sijui."

"Yule mama njo alikuambia useme haujui?"

"Aliniambia kama sijui niseme sijui. Nilimuuliza hilo zamani. Hata yeye hajui."

Nikasikia karani anatafsiri, na muzungu anasema neno fupi. Sikujua kama ni hasira ao nini.

Kisha wakamuleta yule wa barabara. Karani akasema polepole, "Leta ikikuamuru kitu, na Mungu wako akuamuru kingine, utasikia nani?"

Ndugu zangu, hilo njo lilikuwa neno gumu tulilobishania siku ya mvua. Hatukulimaliza. Mulango ilisukumwa kabla ya kulimaliza. Nilifunga macho nikaomba adanganye. Naam, mimi niliyewafundisha kweli, niliomba yule mutoto wa watu aseme uongo arudi nyumbani.

Karani akarudia swali.

"Bwana karani," akasema, "mikono yangu hii njo imevunja mawe ya barabara yenu. Mukisema tuvunje mawe, tutavunja. Mukisema tulime, tutalima. Lakini mukiniambia niue muntu, ao niseme Mungu hayuko, hapo nitakataa, na nitakaa hapahapa munifanye munavyotaka. Sitakimbilia porini."

Karani alichelewa kutafsiri. Nikajua anaweza kubadilisha, kumusaidia ao kumumaliza. Kisha nikamusikia anatafsiri yote, pamoja na ile ya kukaa hapahapa. Muzungu akapiga meza. Wakamutoa nje, wakamulaza chini, wakamupiga fimbo ya kiboko. Sitasimulia hiyo.

Halafu wakaniita mimi. Karani akauliza, "Huyu wa mwisho, wewe njo ulimufundisha vile?"

Ningeweza kusema hapana. Na ingekuwa kweli, maana jibu lile lilikuwa lake. Lakini nilikuwa nasikia anavyopumua kule nje.

"Njo mimi," nikasema. "Kama fimbo imebaki, ni yangu."

Muzungu akasema kitu, na karani akanifungulia mulango. Tulipofika nje, karani akaniambia kwa sauti ya chini, "Wale wengine tuliowafunga, wote walikuwa na jibu moja, kama wametoka tumbo moja. Watoto wako kila muntu na lake. Muzungu anasema hiki siyo kiapo. Nenda. Usifunge tena mulango."

Tukarudi wote, na yule aliyepigwa akapelekwa kwao. Munafikiri nilicheza ngoma? Nilianguka. Nikiona koti ya askari, mikono inaacha muchi wa kutwangia. Vijana walikuja, nikawafukuza. Nikawaambia nimechoka, nimezeeka, waende kwa mwingine. Mwingine hakuwako. Musimu ule wote wa mvua sikufundisha hata neno. Nilikuwa nafunga mizigo ya kurudi milimani.

Hapo njo mama ya yule kijana aliyepigwa akafika. Alitembea kutoka Lushebere, amebeba kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Nilipomuona barabarani nilitaka kujificha. Nilijua amekuja kunilaani, na ilikuwa haki yake.

Akaweka kibuyu chini. Hakunisalimia.

"Mutoto wangu analala juu ya tumbo mpaka leo," akasema. "Nilimuuliza kama anajuta. Akaniuliza, mama, ulitaka niseme nini? Nilitafuta jibu, sikupata. Nimetembea njia nzima ninalitafuta. Sasa ukae chini unieleze, mimi mama yake, kile alichokataa kukisemea uongo."

Nikakaa. Nikaanza. Aliniuliza maswali makali kuliko wajomba wote wa Walikale. Kwa mengine nilisema sijui. Jioni, muwindaji akapita, akasikia sauti zetu, akakaa kwenye kizingiti. Kesho yake akaja na binti. Njo vile nilivyosimama tena.

Namushukuru yule mama, amelala sasa kwenye udongo wa Lushebere. Namushukuru jirani yangu, alituletea bugali buloko hata kama aliogopa. Na yule karani, sijui yuko wapi: alikuwa na uwezo wa kugeuza neno, hakugeuza. Mumuombee.

Na ninyi munaoenda kesho, kazi yenu ni hii. Musiwape wadogo wenu jibu la kubeba kama muzigo wa muntu mwingine. Muwaulize, muwabane, muwaache watafute, mukae nao wakilia. Maana siku ya kuulizwa kweli, mwalimu anawekwa nyuma ya ukuta. Hauruhusiwi hata kukohoa. Kile utakachosikia siku ile ni kile kilichokuwa chao.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize, hata likiwa baya.