Bi. Mwantumu Bushiri na Magunia Yaliyofunguliwa Ilomba

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwantumu Bushiri anastaafu kazi akiwa ametimiza umri wa miaka sitini, na miaka thelathini na miezi kumi na moja ya utumishi katika Kampuni ya Maduka ya Kipengere. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1994 kuwa mpimaji wa nafaka katika duka la Rujewa. Anaondoka akiwa Msimamizi wa Nafaka wa tawi la Ilomba, Mbeya. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili tu: siku barabara ya Rujewa ilipofurika maji, na siku alipomwoza binti yake Nasrin.

Bi. Mwantumu alizaliwa Rujewa, katika nyumba ya mfanyabiashara wa mchele. Baba yake, Mzee Bushiri, alimfundisha kuujua mchele kabla hajajua kusoma. Hadi leo Bi. Mwantumu huchukua punje chache, huzisugua kiganjani, huzinusa, kisha hutafuna moja kwa meno ya mbele. Mchele uliokaa ghalani huvunjika kwa mlio mkavu. Mchele mpya hulainika mdomoni. Baada ya hapo hutaja msimu wake, na mara nyingi hutaja hata mashine iliyoukoboa.

Mwaka 2003, akiwa amekwisha kuhamia Ilomba, wafanyakazi wenzake walitaka kumjaribu. Walimwekea bakuli tano za mchele bila kumwambia ni wa wapi. Alizitambua nne. Ya tano aliinusa mara moja akasema, "Huu haukutoka dukani. Umekaa jirani na karafuu. Abrahamu, rudisha mchele wa mkeo." Bwana Abrahamu, mtunza ghala wetu wa wakati huo, aliurudisha.

Ustadi huo haukuwa mchezo. Mchele mpya unataka maji machache. Wa zamani unataka maji mengi, na ndio unaofaa kwa pilau. Mteja asiyeambiwa hujua ukweli wakati wageni wamekwisha kunawa mikono. Kwa Bi. Mwantumu hakuna aliyeondoka bila kuambiwa. "Huu ni wa juzi, mwanangu, punguza maji kikombe kimoja." Akina mama wa Ilomba walikuja kwa ajili ya sentensi hiyo, na walipokuja kuchukua mchele walichukua pia mafuta, sabuni na chumvi.

Mwaka 2017 kampuni iliunda ofisi ya kanda, kati ya matawi na makao makuu ya Iringa. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba tulipata wateja wachache na taarifa nyingi. Rafu zilipigwa picha mara tatu kwa siku. Kila asubuhi tulisimama mkutanoni dakika arobaini. Ombi lolote lililoandikwa lilijibiwa kwa maneno yale yale: "Imepokelewa, inafanyiwa kazi." Bwana Jailos, Meneja wa Kanda, alikuwa kijana msomi na mwenye bidii, na hilo halikupunguza ugumu.

Bi. Mwantumu hakunung'unika pembeni. Asubuhi moja ya mwaka 2018 aliinua mkono mkutanoni. "Bosi, wateja wako nje mlangoni, na sisi tuko humu ndani tunajadili namna ya kuwapata." Watu walicheka. Bwana Jailos hakucheka. Baada ya wiki mbili ilifika barua ya kumhamishia Iringa.

Wapo waliodhani kuhamishwa kungemnyamazisha. Alipofika Iringa aliamkiwa "kamwene" mlangoni, naye kabla ya mwisho wa wiki alikuwa akiitikia kama mwenyeji. Mwezi Juni, wakati watu wa Iringa wanavaa makoti mawili, ofisi ya kanda iliteremsha pale feni sitini. Feni hizo zilikuwa zimenunuliwa kwa ajili ya joto la Ubaruku na Rujewa, lakini waraka ulisema kwamba mgawo wa matawi yote uwe sawa. Bi. Mwantumu alizipanga kama alivyoagizwa. Mwisho wa mwezi aliandika taarifa ya mstari mmoja: "Imeuzwa feni moja, kwa mchoma nyama, ya kupepea mkaa." Taarifa ile ilisomwa kwa furaha katika matawi yote. Ofisi ya kanda ilimpa barua ya onyo kwa kukosa staha. Ilikuwa ya kwanza kati ya tatu.

Alirudi Ilomba mwaka 2021. Mwaka uliofuata ulitoka waraka ambao hatutausahau. Uliamuru kwamba magunia ya mchele yaliyo wazi yaondolewe madukani, na kwamba mchele wote uchanganywe katika ghala kuu na kufungwa katika pakiti, ili mteja wa tawi lolote apate bidhaa ileile. Hakuna mteja aliyeruhusiwa kugusa, kunusa wala kutafuna.

Kwa macho, pakiti zilikuwa nzuri sana. Lakini akina mama walizigeuza, walizibonyeza, walizirudisha rafuni, na wakaenda soko la Mwanjelwa. Mmoja wao, Mama Lutengano, mteja wetu wa miaka kumi na mitano, alimwambia Bi. Mwantumu waziwazi, "Dada, mimi sinunui kitu kilichofichwa uso." Mchele ulipokosa wanunuzi, sabuni na mafuta navyo vilibaki rafuni. Bi. Mwantumu aliandika barua kwa ofisi ya kanda akieleza kosa lilipo. Aliandika ya pili. Hadi Agosti 2023 alikuwa ameandika barua kumi na moja, zote kwa mkono, zote kwa lugha ya adabu, na zote zilipokelewa na kufanyiwa kazi. Alipomfuata Bwana Jailos ana kwa ana, alijibiwa, "Mama, mimi situngi sera. Mimi napeleka tu." Kwa kuuza mchele wa gunia kwa wateja watatu wa zamani, alipewa onyo la pili. Kwa kukiri kwamba alifanya hivyo na kwamba angefanya tena, alipewa la tatu.

Ndipo tulipoarifiwa kwamba tawi la Ilomba lingefungwa tarehe 30 Septemba 2023. Tulikuwa wafanyakazi ishirini na saba. Wengi wetu tulikuwa tumepita umri ambao mtu huanza kazi upya.

Jumanne, tarehe 5 Septemba, Mkurugenzi wetu, Bi. Yasmini, alikuja kutoka Iringa pamoja na Bwana Jailos ili atutangazie uamuzi huo mwenyewe. Bi. Mwantumu aliomba ruhusa kwa Bi. Esta, meneja wa tawi. "Wageni wametoka mbali. Wale kwanza, ndipo watufukuze." Bi. Esta hakuona sababu ya kukataa.

Nyuma ya ghala, Bi. Mwantumu na msaidizi wake, Bi. Goodness, walipika pilau katika sufuria mbili. Nyama ilitoka bucha moja, na viungo vilipimwa kwa kijiko kimoja. Sufuria ya kwanza ilikuwa na mchele wa pakiti zetu. Ya pili ilikuwa na mchele wa Ubaruku wa msimu uliopita, ambao Bi. Mwantumu aliununua mwenyewe. Bi. Goodness anashuhudia kwamba mchele wa pakiti ndio uliopikwa kwa uangalifu zaidi, ili mtu asije akasema kwamba uliharibiwa makusudi.

Mkurugenzi alipakuliwa kutoka sufuria ya kwanza. Alikula vijiko viwili, akatazama sahani.

"Mama, huu umeiva au haujaiva?"

"Vyote viwili, mwanangu," alisema Bi. Mwantumu. "Nusu ni mchele wa mwaka huu, umekuwa bokoboko. Nusu ni wa mwaka jana, bado mgumu. Ukiongeza maji unauharibu mmoja, ukipunguza unauharibu mwingine. Mmeuchanganya kule ghalani, sasa hata mpishi wa arusi hawezi kuuokoa."

Kisha alimpakulia wa sufuria ya pili. Mkurugenzi aliumaliza, akaomba kuongezewa.

"Na huu uko rafu gani?"

"Huu hauko dukani. Tumekatazwa."

Bi. Yasmini alimgeukia Bwana Jailos na kumuuliza kama alikuwa na habari za jambo hili. Angeweza kutaja waraka. Angeweza kutaja ghala. Tunaandika kwa heshima yake kwamba hakufanya hivyo. "Mama ameniandikia barua kumi na moja," alisema. "Nilizipokea zote. Sikufikisha hata moja. Niliogopa kuonekana nimeshindwa kuiongoza kanda."

Tangazo la kufunga tawi lilikuwa katika bahasha mezani. Halikusomwa. Mkurugenzi aliomba aletewe barua zile; Bi. Mwantumu alileta nakala alizozihifadhi, naye akazisoma palepale mbele yetu huku chai ikipoa, kisha akatupa miezi mitatu ya kujaribu tena magunia.

Asubuhi iliyofuata magunia yalifunguliwa. Kila gunia liliwekewa kibao kinachotaja msimu na mashine. Mama Lutengano alikuja siku ya tatu, akatafuna punje, akashukuru kwa "ndaga", akachukua kilo kumi. Kabla ya wiki ya pili kwisha foleni ilikuwa imefika mlangoni. Miezi mitatu ilipotimia hakuna aliyezungumza tena habari ya kufunga. Mwaka 2024 waraka ulifutwa, matawi ya Iringa nayo yakafungua magunia, na mkutano wa asubuhi ukapunguzwa kuwa dakika kumi. Leo tawi la Ilomba lina wafanyakazi thelathini na watatu.

Bwana Jailos alikuja kujifunza kutafuna mchele. Kwa wiki mbili kila gunia alilionja akasema ni jipya, na Bi. Mwantumu alimwambia, "Wewe una njaa tu, kakoboe meno." Sasa hukosea mara chache. Yeye ndiye aliyeandika, kwa mkono wake, barua ya kufuta maonyo yote matatu, na ndiye aliyeomba kuwa wa kwanza kuchangia zawadi ya leo.

Bi. Mwantumu ametuagiza tusiandike kana kwamba tulishinda kila mahali. Tawi la Rujewa, alikoanzia kazi, lilifungwa Machi 2023, na wenzetu tisa walirudi nyumbani kabla barua zile hazijasomwa. Tunamtii. Zingesomwa mapema, nao wangekuwa hapa wakila pamoja nasi.

Dada yetu, tunakushukuru kwa kuandika barua ya pili baada ya ya kwanza kunyamaziwa, na ya kumi na moja baada ya ya kumi. Sisi wengine tulichoka ulipofika ya tatu, na hatukukuficha. Mwenyezi Mungu akujalie afya, wajukuu wenye adabu, na miaka mingi ya kula pilau iliyopikwa na watu wengine.

Kesho, Jumanne, tarehe 1 Julai, Bi. Goodness atashika mizani, na tawi la Ilomba litafunguliwa saa mbili kamili asubuhi.