Dkt. Edah Khalayi Shikanga, Aliyehesabu Punje za Mwanga Lurambi

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, Edah alikuwa katika boma hili hili la Khwisero, ameketi na mama mkwe wake wakichambua maharagwe. Aliaga akisema angerudi Desemba, chuo kikifungwa. Leo ni Jumamosi nyingine, tarehe 13 Oktoba 2007, na amerudi. Mimi ni Awinja, dada yake mkubwa. Familia imeniomba nisome wasifu wake. Nimeuandika kwa mkono ambao mpaka sasa unakataa kile unachokiandika, kwa hiyo mkiniona nimesimama kidogo, mnivumilie.

Dkt. Edah Khalayi Shikanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Matungu, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Shikanga na mama yetu, Navalayo. Alianza darasa la kwanza mwaka 1973, mwaka ule ule kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa. Baba alikuwa ameng'oa mihogo na kupanda miwa hadi karibu na mlango wa jikoni. Barabara yetu ilijaa matrekta, na mvua ikinyesha, mafuta ya dizeli yalielea juu ya madimbwi yake. Siku moja Edah alitumwa maji kisimani akachelewa saa nzima. Baba alimkuta amechutama kando ya dimbwi, akitazama zile rangi zinazozunguka juu ya maji.

"Ni dizeli tu hiyo," baba akamwambia.

"Dizeli nimeiona kwenye kopo, baba. Haina rangi hizi."

Alichapwa kwa kuchelewa. Kesho yake alichelewa tena, pale pale.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979 akawa wa kwanza katika tarafa, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana huko Butere. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1983 na cha sita mwaka 1985. Baada ya kukaa nyumbani zaidi ya mwaka akisubiri nafasi, aliingia chuo kikuu Nairobi mwaka 1987, akahitimu shahada ya kwanza ya fizikia mwaka 1990 na ya uzamili mwaka 1993. Mwaka 1995 alikwenda Uholanzi kusomea udaktari wa fizikia, akaupata mwaka 1999. Alimwacha binti yake wa mwaka mmoja mikononi mwa mama yetu. Kuna waliosema maneno kuhusu hilo. Edah aliyasikia, na yalimwuma, na alikwenda.

Mara nyingi tulimwuliza anasomea nini hasa. Alichukua unywele mmoja kichwani mwake akasema, "Ungeweza kuupasua huu mara elfu kumi, ukachukua upande mmoja tu, hapo ndipo ninapofanyia kazi." Alitueleza kwamba kitu kikishakuwa kidogo namna hiyo huacha tabia tulizozizoea. Chembe moja ikimulikwa hurudisha mwanga punje moja moja. Mara inawaka, mara inazimika, bila kumwambia mtu sababu.

"Na nusu punje?" mama akauliza.

"Nusu hakuna, mama. Ni nzima au ni bure."

Mama alicheka, akasema kama ni hivyo basi mwanga una heshima kuliko watu wa sokoni wanaopunja kipimo.

Edah alifunga ndoa na Phanuel Were wa hapa Khwisero tarehe 18 Desemba 1993. Phanuel ni fundi wa matrekta ya kuvuta miwa. Wazee walishangaa msomi anaolewaje na mtu mwenye grisi hadi viwikoni. Edah aliwajibu kwamba huyu ndiye mwanamume pekee aliyemwambia "sijui" alipoulizwa swali asilolijua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nafula, aliyezaliwa mwaka 1994, na Makhanu, mwaka 2000.

Alifundisha Nairobi hadi mwaka 2003, akaja nyumbani kufundisha katika chuo kilichokuwa kikikua mjini Kakamega. Wenzake walimwona amepotea. Alipewa chumba kimoja Lurambi, si mbali na barabara ya Mumias, na ndani yake yeye na msaidizi wake wa maabara, Kipruto, walifunga hadubini, taa ya leza na mashine ya kuhesabu punje za mwanga. Mwaka 2005 waliona jambo. Chembe zao zilikuwa zikizimika na kuwaka kwa mpigo fulani, kana kwamba zimesikia sauti. Edah aliandika makala, jarida moja la ng'ambo likaichapisha, na barua za pongezi zikaja kutoka nchi tusizoweza kuzitamka. Chuo kilimpendekeza awe profesa. Hapa nyumbani tulichinja ingokho, kuku wa kienyeji, watatu.

Nitasema lililofuata, ingawa baadhi yenu hamkulijua. Mwaka 2006 kiwanda kilifungwa majuma matatu kwa ukarabati, kama kila mwaka. Matrekta yakakoma kupita. Juma hilo hilo, mpigo wa chembe za Edah ukapotea. Kiwanda kilipofunguliwa, ukarudi. Alimpigia mumewe simu.

"Phanuel, acha kazi uje. Simama barabarani na saa. Kila trekta yenye miwa ikipita, niandikie dakika na sekunde."

Phanuel alisimama juani tangu saa tatu hadi saa kumi. Walipolinganisha karatasi yake na ya mashine, zilikuwa sawa mstari kwa mstari. Chembe hazikuwa zimesikia chochote. Ardhi ilikuwa ikitikiswa na tela za miwa, meza ikicheza kidogo mno, na mwanga ukiikosa chembe.

Mkuu wa idara yake, Dkt. Kimutai, yupo nasi hapa, na ameniruhusu niyaseme aliyomwambia siku hiyo.

"Nyamaza, Edah. Hakuna mtu mwingine mwenye barabara ya miwa mlangoni. Nani atagundua?"

"Hawatagundua, ndiyo shida yenyewe. Watafunga vyombo vyao kule, watafute miaka mitano kitu ambacho hakipo. Nitakuwa nimewaibia miaka mitano."

Aliliandikia jarida barua kwa jina lake mwenyewe, liiondoe makala. Uprofesa ulisimama. Usiku wa siku aliyoituma barua alikuja kwangu, akala obusuma, ugali wetu, kisha akalia mpaka mwanangu akaamka kuuliza kuna nini. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia afadhali angefuata shauri la Kimutai. Hatukuzungumza miezi miwili, na ni yeye aliyenipigia kwanza.

Phanuel hakumshauri lolote. Alileta tyubu nne za trekta akazijaza upepo nusu, akaweka juu yake bamba la zege alilolimwaga mwenyewe, na juu ya bamba wakaweka hadubini. Tela zikapita, bamba likatulia kama maji ya mtungini. Walianza upya. Safari hii Edah alitengeneza chombo kidogo cha kutoa sauti nyembamba, juu mno kwa sikio la mtu hata la mbwa, akakigusisha kwenye kioo kilichobeba chembe. Mwezi Agosti mwaka huu chembe ziliitikia. Zikawaka kwa kufuata sauti, na sauti ikizimwa zinarudia ukaidi wao.

Kipruto alitaka waandike siku hiyo hiyo. Edah alikataa. Alisema ameshawahi kuamini haraka. Alirudia jaribio mara kumi na moja, na la kumi na mbili, lililo refu kuliko yote, lilikuwa la mashine kuhesabu siku sita mfululizo bila mtu kuigusa. Aliliwasha Jumatatu tarehe 8 Oktoba.

Hapa ndipo wasifu hueleza maradhi ya marehemu, jinsi alivyohangaika na jinsi familia ilivyomuuguza. Sina la kusoma. Edah hakuugua. Hatukumuuguza. Jumanne tarehe 9 alikunywa chai, akamsuka Nafula nywele upande mmoja akiahidi kumalizia jioni, akaenda kufundisha saa mbili. Saa tano na dakika ishirini alimwambia Kipruto, "Kichwa kimenipiga kama mtu," akaketi. Alifikishwa hospitali akiwa bado anapumua. Daktari alisema mshipa umepasuka ndani ya ubongo. Saa saba kasoro dakika kumi alikuwa ameondoka. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Phanuel alikuwa Matungu, chini ya trekta. Aliyetumwa kumwambia alimwinamia akamwambia Edah amefariki. Phanuel aliuliza, "Edah gani?" Akaendelea kukaza nati. Ilibidi aambiwe mara tatu. Siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe Jumatano nilimpigia simu Edah nimuulize tumzike na nguo gani.

Alhamisi tulikwenda Lurambi kuchukua vitu vyake, mimi, Phanuel na mama. Koti lake lilikuwa kitini. Mashine ilikuwa inafanya kazi, taa yake ndogo ya kijani ikimetameta. Kipruto alikuwa amekaa sakafuni kando yake tangu Jumanne, na hakujua amwulize nani kama aizime.

Mama aliitazama. "Hii kitu inafanyanga nini?"

"Inahesabu, mama. Aliiwasha yeye."

"Imebaki siku ngapi?"

"Itamaliza Jumapili saa nne asubuhi."

"Na mkizima sasa?"

"Tutaanza tena mwanzo."

Mama alivua viatu vyake, sijui kwa nini, akatembea polepole hadi mlangoni asije akatikisa meza. Alipofika nje ndipo akasema, "Iacheni mtoto wangu amalize."

Kwa hiyo tunapomshusha kaburini leo, kazi yake bado inaendelea. Kipruto hayupo hapa, msimtafute, yuko naye kule Lurambi, kando ya mashine. Dkt. Kimutai ameahidi mbele ya familia kwamba kitakachoonekana kesho, kiwe kizuri au kibaya, kitaandikwa jinsi kilivyo na jina la Edah litakuwa la kwanza.

Edah amemwacha mumewe, Phanuel Were, watoto wake Nafula na Makhanu, mama yetu Navalayo, mama mkwe wake, ndugu zake wanne, wanafunzi wake, na Kipruto, ambaye familia imekubaliana ahesabiwe miongoni mwa wafiwa.

Mungu aliyekupa macho ya kuona yaliyo madogo akupumzishe kwa amani, mdogo wangu. Sisi bado hatujaamini.