Koti Chini ya Dirisha

Benchi letu lipo mbele ya kibanda cha fundi cherehani, na juzi hakuna aliyelikalia kwa raha. Kijana anayetengeneza simu pale kona anataka kumuoa binti wa Fundi, na wazee wake wanasubiri kuitwa. Fundi akaweka kikombe chini, akasema hamwozeshi mwanawe kwa muuaji.

Muuaji wa kwenye gemu, jamani. Fundi kamwona kijana chumbani kwake akitafuna karanga na kucheza: mtu wa kukodiwa ananyata kwenye jumba la watu, anamkaba mtumishi, anavaa nguo zake, kisha anapita mbele ya walinzi kama mwenyeji.

— Kukaba si hoja, — akasema Fundi. — Hoja ni nguo. Kamvua mpishi mnene, kavaa, zimemkaa. Kamvua mlinzi kimbaumbau, zimemkaa. Pindo halikushushwa, kiuno hakikupunguzwa. Mwili gani huo?

Karani Mstaafu akasema yale ni mafunzo, gemu ni jina tu. Dobi, tunayemwita Povu, akavuka mipaka: kazi za kuua zinaingia kwa zile simu mbovu, na hao watakaokuja kuposa si wazee wake. Ni watu wamevaa nguo za wazee.

Mimi upuuzi siuwezi. Nikawaambia muuaji gani hukaa kitini jioni nzima akitafuna karanga? Fundi akanijibu kwamba huko kukaa akisubiri ndiko kunakomtisha. Nikamgeuzia mgongo.

Mara kijana mwenyewe huyo, kashika koti zito la mlinzi wa ghala.

— Shikamooni, wazee. Hili nimelikuta chini ya dirisha langu. La nani?

Tukaitikia marahaba, basi. Koti tulilijua. Mlinzi alilileta kwa Fundi kupunguzwa mikono, na mkono mmoja bado ulikuwa na pini. Povu akakagua viatu vyake mwenyewe. Karani akaomba kahawa. Birika letu likatoa matone tu.

Kijana akaziona pini. Akamtazama Fundi, akalikunja koti polepole, akaliweka juu ya cherehani.

— Limechanika kwapani, baba. Aliyelivaa lilimbana.

Fundi akachukua sindano, akahangaika kutia uzi.

— Wazee wako, — akasema bila kuinua macho, — waje Ijumaa.

Kijana alipoondoka, Povu akaninong'oneza: siku hiyo nitazame vizuri kama nguo zitawakaa.